Mkono uliokuwa ukibeba fidla: uchambuzi wa kisa kimoja cha vibrato

Mwanafunzi ninayemweleza hapa ni mwalimu wa skuli ya msingi, Unguja, mwenye umri wa miaka 30 na kitu. Amepiga fidla miaka minne, na mitatu kati ya hiyo amekuwa katika kikundi cha taarabu, safu ya nyuma. Anasoma noti, ana sikio zuri, upinde wake unakwenda sawa. Ameridhia niandike habari zake bila ya kumtaja jina. Alikuja kwangu kwa jambo moja tu: vibrato, yaani ule mtikisiko wa sauti ya noti unaofanywa na kidole kilichoshika uzi. "Maalim," alisema, "hii vibrato kila nikiitaka mkono unakataa. Na nikiulazimisha, wenzangu wanageuka kunitazama."

Kabla ya hapo alikwisha kupewa rai mbili. Mpigaji mmoja mkongwe alimwambia asihangaike, kwani vibrato haifundishwi; wakati wake ukifika itakuja. Video za mtandaoni zikamwambia kinyume chake: tikisa kifundo cha mkono kila siku, ongeza kasi, usiache. Yeye ni mtu wa bidii, akaifuata rai ya pili. Alitikisa mpaka shina la kidole gumba cha kushoto likawa linauma, na hata kukamua tui kukawa tabu. Jambo la kwanza nililomwambia ni kuacha mazoezi hayo mpaka maumivu yaishe kabisa. Mkono unaouma haufundishiki, na mpigaji anayeyazoea maumivu yake anajitafutia jeraha la miaka.

Alipopona nilimtaka apige noti moja ndefu, C kwenye uzi wa A kwa kidole cha kati, kwanza kavu, kisha kwa vibrato. Ile kavu ilikuwa nzuri: imenyooka, imetulia, inajaza chumba. Alipoingiza vibrato kila kitu kilibadilika. Sauti ilitoka na mtikisiko mwembamba wa kasi, ukikatika na kurudi, na upinde nao ukaanza kutetemeka juu ya uzi. Kimo cha noti kikapanda kidogo na hakikushuka tena. Hilo la kimo ndilo lililonifanya niangalie kidole chenyewe badala ya kifundo. Kidole kilikuwa kinausukuma uzi pembeni, kuelekea uzi wa jirani.

Uzi ukivutwa pembeni unakazika, na uzi uliokazika hupanda tu. Hauwezi kushuka chini ya noti. Vibrato ya fidla inataka njia nyingine: ncha ya kidole ibiringike kufuata urefu wa uzi, nyuma kuelekea vigingi na mbele kuelekea daraja, ili kipande cha uzi kinacholia kirefuke na kufupika. Leopold Mozart, baba yake mtunzi Wolfgang Amadeus Mozart, aliliandika hilo wazi katika kitabu chake cha kufundishia fidla kilichotoka Augsburg mwaka 1756: kidole kikandamize uzi, mkono mzima ufanye mwendo mdogo, na mwendo huo uende kwenye daraja na kurudi kwenye kichwa cha fidla, usiende pembeni. Zaidi ya miaka 260 imepita na bado hilo ni miongoni mwa makosa ninayoyaona zaidi.

Vipimo vinasaidia kuelewa udogo wa jambo lenyewe. Katika fidla ya mtu mzima, sehemu ya uzi inayolia ni kama milimita 325. Pale ilipo C ya uzi wa A, nusu toni (umbali wa kutoka noti moja ya piano hadi ya jirani yake kabisa) ni kama milimita 15 na robo toni kama milimita 8. Mtafiti Carl Seashore, aliyepima vibrato za wapigaji na waimbaji katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1930, alikuta kwamba vibrato ya fidla huzunguka kama mara sita kwa sekunde, na upana wake wote ni kama robo toni. Vibrato ya waimbaji aliikuta pana zaidi, kama nusu toni. Kwa hiyo kinachotafutwa kwenye fidla ni safari ya milimita chache, mara sita kila sekunde, bila ya kidole kuachia uzi. Mkono uliokakamaa hauwezi kuifanya safari hiyo. Unaweza kutetemeka tu.

Sasa swali likawa: kwa nini mkono wake umekakamaa? Wapo wangeanza kumpa mazoezi ya kulegeza kifundo. Mimi nilitaka kwanza kujua kama kifundo kina tatizo. Nilimwambia aiweke fidla kitini, anyanyue mkono mtupu kama anayepiga, na autikise kutoka kwenye kiwiko, kisha kutoka kwenye kifundo. Ulikwenda wote bila ya shida, mwepesi na sawasawa. Kisha nikampa fidla, nikamsogeza ukutani, nikaweka taulo iliyokunjwa baina ya kichwa cha fidla na ukuta, nikamwambia aegemeze na apige ile ile C. Vibrato ikatoka. Ilikuwa ya polepole, pana mno, si ya kumpigia mtu, lakini ilikuwa ikibiringika kufuata uzi na haikukatika. Alisimamisha upinde akanitazama. "Hii ni mimi, Maalim?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba tumeshapata nusu ya jawabu.

Naomba msomaji anayefundisha akipe kipimo hiki cha ukutani uzito unaostahili, kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. Kama vibrato haitoki hata fidla ikiwa imeegemezwa, tatizo lipo kwenye mwendo wenyewe: mwanafunzi hajui afanye nini, au kiungo kimoja ni kigumu. Kama inatoka, basi mkono unaujua mwendo tangu zamani, ila umepewa kazi nyingine inayouzuia. Kazi hiyo ni kubeba fidla. Ukuta ulipoibeba badala yake, mkono ukawa huru. Miaka yote ile ya kumwambia atikise zaidi ilikuwa ni kumwongezea kazi mfanyakazi aliyekwisha kulemewa.

Nikaanza kuufuata mnyororo kinyumenyume. Nilimtia kipande cha karatasi baina ya kidole gumba na shingo ya fidla, nikamtaka apige skeli, yaani noti za kupanda na kushuka kwa mfuatano, huku nikiivuta karatasi taratibu. Haikutoka, ilichanika. Kidole gumba kilikuwa kikibana kwa nguvu zote. Upande wa pili, shina la kidole cha shahada lilikuwa limegandamana na shingo, kwa hiyo shingo ilikuwa imeshikwa koleo. Mkono ulioshika hivyo hauna pa kwenda, na njia pekee inayobaki kutikisa sauti ni kukaza misuli ya mkono wa mbele mpaka itetemeke yenyewe. Ndicho alichokuwa akifanya, na ndiyo sababu ya maumivu.

Lakini kwa nini abane? Nilimwambia aishike fidla kwa taya na bega tu, mikono ikining'inia. Iliteleza papo hapo, na kama nisingeidaka ingefika sakafuni. Tukajaribu tena nikiangalia kwa karibu, na hapo nikaona nilichopaswa kukitazama mwanzo wa yote: mtandio. Alikuwa amevaa wa satini, mzuri, unaong'aa, umepita chini ya taya na kushuka begani. Satini juu ya kipande cha mbao cha kuegemezea kidevu, na satini hiyo hiyo chini ya mgongo wa fidla. Hapakuwa na sehemu hata moja ambapo chombo kilishikwa na kitu kisichoteleza, isipokuwa mkono wa kushoto. Ongeza jasho la ukumbini, ongeza kiti cha plastiki kinachomlaza mtu nyuma, ongeza shingo yake ambayo ni ndefu na mto wa bega ambao hakuwa nao kabisa. Mkono haukuwa mkaidi. Ulikuwa ukiizuia fidla isianguke.

Sijaliona jambo hili likitajwa katika vitabu vya fidla nilivyosomea, na sishangai, maana havikuandikwa kwa ajili ya wanawake wanaopiga wakiwa na mtandio. Sisi huku tunao wengi, na kila mwalimu wa pwani angepaswa kulitazama siku ya kwanza kabla ya kusema lolote juu ya vidole. Si suala la kumwambia mtu avue alichovaa. Ni suala la kitambaa gani kinagusa mbao gani.

Marekebisho yalikuwa rahisi kuliko uchunguzi. Siku za mazoezi na za maonyesho anavaa mtandio wa pamba, au ule wa satini akiupenda, lakini juu ya kipande cha kuegemezea kidevu tunatandika ngozi laini ya aina ile ya kufutia vioo vya gari, imefungwa kwa raba bendi isitoke. Chini ya fidla tuliweka sponji nene iliyokatwa kufuata bega lake, nayo imevikwa kitambaa cha kukwaruza kidogo. Tulijaribu unene mbalimbali mpaka taya ikawa inashuka yenyewe juu ya fidla bila ya bega kupanda. Bega likipanda, shingo inakaza, na mkono unarudi kule kule. Kiti pia tulikibadilisha. Anakaa mbele, ukingoni, miguu yote miwili chini.

Hapa historia inanipa faraja kidogo. Kile kipande cha kuegemezea kidevu ambacho leo kila fidla inacho kilianza kwa mpiga fidla Louis Spohr, Ujerumani, karibu na mwaka 1820. Kabla yake wapigaji walikuwa wakiishika fidla bila ya kifaa hicho, na mkono wa kushoto ulikuwa na sehemu yake katika kuibeba. Katika zama hizo Leopold Mozart aliihesabu vibrato kuwa ni pambo la kutia mahali maalumu, khasa noti ndefu na mwisho wa sentensi ya muziki, na akawalaumu wanaotetemesha kila noti kama watu wenye homa isiyokwisha. Mwanafunzi wangu alikuwa akipiga katika hali ya zamani huku akitaka sauti ya wapigaji wa karne ya 20.

Tulipoanza kufundisha mwendo wenyewe ilikuwa Shaaban, na hilo lilitufaa sana. Ramadhani ilipoingia vikundi vilisimamisha maonyesho, kwa hiyo hakuwa na jukwaa la kumharakisha. Nilimpiga marufuku kutia vibrato katika nyimbo. Hili wanafunzi hulichukia, lakini mtu anayeendelea kutumia mwendo wa zamani usiku na kujifunza mpya mchana anaulisha ule wa zamani.

Tulianza bila ya upinde, mkono ukiwa nafasi ya tatu, pale ambapo kiganja kinagusa mwili wa fidla na kupata pa kuegemea. Kidole cha kati kikawekwa juu ya uzi bila ya kukandamiza, kikasuguliwa huku na huku kufuata urefu wa uzi kama anayepangusa vumbi. Safari ilikuwa ndefu, sentimita kadhaa, na kidole gumba kilitakiwa kubaki mahali pake, kimelala tu ubavuni mwa shingo. Baada ya hapo tukaifupisha safari kidogo kidogo na kuongeza uzito wa kidole, mpaka kikafika mahali ambapo ncha haitelezi tena juu ya uzi, inabiringika. Mpito huo, kutoka kuteleza hadi kubiringika, ndio kiini cha somo zima. Haufai kuharakishwa, na hautokei siku moja kwa vidole vyote.

Kisha tukaleta metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo kwa kasi moja, tukaiweka mapigo 60 kwa dakika. Mzunguko mmoja kwa kila pigo, kuanzia kwenye noti, kurudi nyuma chini yake, na kuja tena juu mpaka kwenye noti yenyewe. Walimu wengi hufundisha hivi, kwamba noti iwe kilele na mwendo uende chini yake, nami nafuata njia hiyo kwa sababu inamlinda mwanafunzi asipige juu ya kimo. Miwili kwa pigo, sawa. Mitatu, sawa. Kwenye minne akavunjika. Kidole gumba kikabana, karatasi ikashikwa, na ule mtetemo wa zamani ukarudi kana kwamba haukuwahi kuondoka.

Mahali hapa ndipo wengi hupoteza subira, mwanafunzi na mwalimu wake pia. Sikumrudisha kwenye mitatu akae huko tu, tulifanya makundi. Mizunguko minne, kisha kimya cha pigo zima ambamo anagonga kidole gumba mara moja juu ya shingo kuhakikisha kipo huru, kisha minne tena. Makundi yakawa ya pigo mbili, baadaye matatu. Tulipokwisha kuimiliki minne bila ya kubana, hatukuongeza idadi. Tulisukuma metronomu: 66, 72, 80, hadi 90. Minne kwa pigo kwenye 90 ni mizunguko sita kwa sekunde, na mkono ulifika huko bila ya kuambiwa sasa unafanya kitu kipya. Sikumchagulia kama atumie kifundo au mkono wa mbele. Ivan Galamian, mwalimu aliyelea wapigaji wengi wakubwa New York, alifundisha aina tatu, ya mkono wa mbele, ya kiganja na ya kidole, akitaka mpigaji awe nazo zote. Kwa mtu anayeanza, naona ni bora kuuacha mkono wake uonyeshe unaelekea wapi. Wake ulitoka kwenye mkono wa mbele.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kidogo kilichobaki, kiungo cha mwisho cha kidole, kile cha karibu na ukucha. Kilisimama wima kama kimefungwa banzi. Kama kiungo hicho hakipindi na kunyooka, mwendo wa mkono haufiki kwenye uzi, unaishia kwenye kidole. Dawa yake ilikuwa kuweka kidole kikiwa kimepinda, kukinyoosha kidogo kwa kuurudisha mkono nyuma, na kukipinda tena, polepole, hata mbele ya televisheni bila ya fidla, ncha ya kidole ikiwa juu ya kidole gumba cha mkono wa pili. Kidole cha kati kilikubali kwanza, kwa kuwa kimesimama katikati ya mkono na uzani wake uko sawa. Cha pete kikafuata. Cha shahada kilichelewa, kwa sababu shina lake lilikuwa limezoea kuegemea shingo na ilibidi kulifundisha kuacha uwazi mdogo.

Upinde ulipoingia, mikono miwili iligombana kwa siku chache. Mkono wa kulia ulitaka kufuata mizunguko ya kushoto. Nilimpa noti za mapigo manane, upinde wote, na kumwambia asikilize mkono wa kulia peke yake. Ule wa kushoto aupe amri kisha ausahau. Hili halikuhitaji zaidi ya hapo.

Lenye uzito zaidi kwangu lilikuwa wapi aitie. Fidla za taarabu hupiga pamoja, mstari mmoja, na kila mpigaji anaupamba kidogo kwa namna yake. Wapigaji wanne wenye vibrato nne za kasi tofauti katika mstari wa mbio hufanya ukungu. Halafu kuna suala la maqamu, yaani mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu. Katika Rast, moja ya maqamu hizo, noti ya tatu haiko pale ilipo katika skeli ya Ulaya ya meja wala katika ile ya maina, iko kati yake, na utamu wote wa maqamu umekaa hapo. Akodioni ya kawaida haina noti hiyo. Qanuni, udi na fidla zinayo. Ukiijia noti hiyo na vibrato yenye upana wa robo toni, unakuwa umezigusa kingo za noti za jirani pande zote mbili, na msikilizaji hajui tena umekusudia nini. Kwa hiyo nilimwekea sharti: noti za robo toni kama hiyo zipigwe kavu kwanza, zisikike mahali pake, na kama ni ndefu basi vibrato iingie nyembamba baada ya nusu ya upinde.

Najua mpiga fidla Francesco Geminiani, katika kitabu chake cha London cha mwaka 1751, alishauri vibrato itumike mara nyingi iwezekanavyo, hata kwenye noti fupi. Najua pia kwamba tangu Fritz Kreisler, mpiga fidla wa mwanzoni mwa karne ya 20, vibrato isiyokatika imekuwa ndiyo sauti ya kawaida ya fidla katika muziki wa Ulaya. Lakini kuna rekodi za mpiga fidla Joseph Joachim za mwaka 1903, mzee wa miaka 70 na zaidi, anapiga vibrato chache sana, na hakuna anayeweza kusema hakujua kuifanya fidla iseme. Kwa taarabu niko upande wa Leopold Mozart bila ya kusita. Mwanafunzi wangu aliniuliza, "Sasa Maalim, kazi yote hii kwa noti chache?" Ndiyo, kwa noti chache. Tulizitafuta pamoja katika wimbo anaoupiga na kikundi: noti ya mwisho ya jibu kabla mwimbaji hajaingia, noti mbili za katikati ya kiitikio, na ile ndefu inayobaki inalia wakati ngoma zimenyamaza.

Idd ilipofika alipiga na kikundi, vibrato ikiwa kwenye noti hizo tu. Nilikuwa ukumbini. Ya kwanza aliiwahisha, kabla noti haijatulia. Nyingine zilitoka sawa, na fidla haikushuka begani usiku mzima. Maumivu hayajarudi.

Kazi haijakwisha. Kidole cha mwisho ni kifupi na bado kinakakamaa juu ya uzi wa E, kwa hiyo kwa sasa noti ndefu zinazokiangukia anazipanda nafasi ya tatu na kuzipiga kwa kidole cha kati. Kuanzia wiki ijayo tunamrudisha ukutani na taulo lake, kwa ajili ya kidole hicho peke yake. Tukimaliza tutaingia nafasi za juu, ambako milimita zinapungua: oktava moja juu kwenye uzi huo huo, umbali wa nusu toni unabaki nusu ya ulivyokuwa, na mwendo alioutafuta kwa shida itabidi aupunguze upana kwa kiasi hicho hicho.